Jinsi ya Kuonja na Kuipima Bia ya Rai Katika Baa Inayopika Bia Yake

Rai ni nafaka iliyo ndugu wa karibu wa ngano na shayiri, na kwa kuwa inastahimili baridi na udongo duni kuliko ndugu zake hao wawili, kwa karne nyingi imekuwa nafaka ya mkate katika nchi za kaskazini na mashariki ya Ulaya. Bia nyingi duniani hupikwa kwa kimea cha shayiri, yaani nafaka iliyooteshwa kisha ikakaushwa, na rai huingia kama nyongeza tu, mara nyingi kati ya asilimia 10 na 20 ya nafaka yote, ingawa katika mtindo wa Kijerumani uitwao Roggenbier inaweza kufika nusu au kupita. Hata kiasi hicho kidogo kinatosha kuibadilisha bia, lakini mabadiliko yenyewe hutokea mahali ambapo wanywaji wengi hawapachunguzi. Wengi wameambiwa kwamba rai ina ladha ya viungo, kwa hiyo hukaa mbele ya glasi wakisaka pilipili manga. Wakiikosa, huamua kwamba bia ni hafifu, na wakiipata, huisifu rai kwa kazi ambayo huenda imefanywa na hamira, hopsi (maua yanayoipa bia uchungu na harufu) au hata gesi.

Kuonja bia ya rai vizuri, basi, ni kuweza kusema kila unachokihisi kimetoka wapi. Baa inayopika bia yake ni mahali panapofaa sana kwa kazi hiyo, kwa sababu bia haijasafiri, matangi yako nyuma ya ukuta, na aliyeipika mara nyingi yuko umbali wa hatua chache tu.

Kabla ya kuagiza

Pua ndiyo itakayofanya sehemu kubwa ya kazi, kwa hiyo uilinde. Usijipake manukato, usipige mswaki dakika chache kabla ya kutoka, na uache kahawa, sigara na chakula chenye pilipili kwa muda wa saa moja hivi. Ukifika, chagua meza iliyo mbali na jiko na milango ya vyoo, yenye mwanga mweupe ikiwezekana, kisha uagize maji ya kawaida yasiyo na barafu. Mkate mweupe usio na chumvi nyingi unasaidia kusafisha ulimi, ilhali karanga zenye chumvi na vitafunwa vya mafuta huharibu kila kitu kitakachofuata.

Agiza glasi mbili ndogo za mililita 100 hadi 150, moja ya bia ya rai na nyingine ya bia ya shayiri tupu iliyopikwa hapo hapo, na ukiweza kuipata iliyochachushwa kwa hamira ile ile, umepata kipimo bora kuliko maelezo yoyote. Glasi hiyo ya pili nitairudia, kwa sababu ndiyo inayotenganisha kuonja na kubahatisha. Ni vizuri pia kuomba kinywaji baada ya wateja wachache kuhudumiwa kutoka bomba lile lile, kwa kuwa bia iliyolala ndani ya bomba usiku kucha haiwakilishi iliyomo kwenye tangi. Omba glasi isiyogandishwa kwenye friji. Bia baridi mno huficha harufu, na ubaridi wa glasi hutia ganzi ulimi.

Kuna jambo moja unalopaswa kuuliza mapema na mengine yote uyaache mpaka mwisho. Uliza bia hiyo imekusudiwa kuwa ya mtindo gani. Huwezi kuihukumu kwa haki bia yenye hopsi nyingi ya mtindo wa IPA iliyotiwa rai kidogo kwa kigezo cha Roggenbier, ambayo uchungu wake ni mdogo, rangi yake ni ya shaba hadi kahawia, kilevi chake ni kati ya asilimia 4.5 na 6, na hamira yake ni ile ile ya bia za ngano za Bavaria. Wala sahti, bia ya jadi ya Ufini ambayo kwa desturi hutumia rai pamoja na shayiri, huchujwa kupitia matawi ya mreteni, mti mdogo wenye harufu kali, na kuchachushwa kwa hamira ya mkate, haiwezi kulaumiwa kwa kukosa gesi, kwa sababu ndivyo ilivyo. Asilimia ya rai, aina ya kimea na majina ya hopsi usiyaulize bado. Ukishayasikia, ulimi wako utaanza kukubaliana na ulichosikia.

Macho, kwa ufupi

Inyanyue glasi mbele ya mwanga. Tazama kama viputo vimeng'ang'ania ukuta wa glasi chini ya povu. Vikiwapo, glasi ina mabaki ya mafuta au sabuni, na unayo haki ya kuomba nyingine kabla ya kuendelea. Rai huipa bia povu zito lenye kudumu, linaloacha tabaka nyeupe juu ya glasi kila unapokunywa, na ukungu kidogo ni wa kawaida. Rangi isikudanganye. Kimea cha kawaida cha rai ni cheupe karibu sawa na cha shayiri, na ukiona bia nyekundu au kahawia, rangi hiyo imetokana na kimea kilichokaushwa kwa joto kali au kukaangwa, kiwe cha rai au cha shayiri. Bia ya dhahabu inaweza kuwa na rai nyingi kuliko ile ya kahawia iliyo kando yake.

Pua

Harufu nyepesi huondoka haraka, kwa hiyo nusa kabla ya kuonja na hata kabla ya kuandika. Pitisha glasi chini ya pua mara moja, kisha uvute pumzi fupi fupi mbili au tatu, halafu ufunike mdomo wa glasi kwa kiganja, uizungushe polepole, ufunue na unuse tena. Pua ikichoka, nusa mkono wa shati lako mwenyewe. Ni harufu ambayo ubongo umeizoea, na baada yake pua huamka.

Rai yenyewe haina kelele puani. Tafuta ganda la mkate mweusi, unga uliopashwa moto, majani makavu, udongo mkavu unaokaribia kupata mvua. Ukinusa ndizi mbivu na karafuu, hiyo ni hamira: ndizi hutokana na kiambata kiitwacho isoamili asetati, na karafuu hutokana na vinili gwayakoli, ambacho hamira za bia za ngano hukitengeneza kutoka katika asidi ya feruliki iliyomo kwenye nafaka. Rai ina asidi hiyo ya kutosha, kwa hiyo nafaka imetoa mali ghafi na hamira ndiyo iliyofanya kazi. Ukinusa maganda ya machungwa au utomvu wa msonobari, hiyo ni hopsi.

Upo pia mkanganyiko wa zamani unaotokana na mkate. Katika nchi nyingi mkate wa rai hutiwa mbegu za kisibiti, na watu waliokua wakiula wamezihusisha mbegu hizo na nafaka yenyewe. Mtu akikuambia kwamba bia haina rai kwa sababu hanusi kisibiti, anakumbuka mkate, hazungumzii rai. Kisibiti kikisikika wazi kwenye bia, basi kuna uwezekano kimetiwa.

Mdomoni, ambako rai inajulikana

Chukua funda dogo, liache lienee juu ya ulimi wote, kisha umeze huku ukitoa pumzi kupitia puani, kwa kuwa harufu inayopanda kutoka kooni ni sehemu kubwa ya kile tunachokiita ladha. Usimeze haraka na usiteme, maana uchungu huendelea kujitokeza baada ya kumeza, na katika bia ya rai mwisho wa funda una mengi ya kusema. Mfuatano wa kawaida huanza na utamu mdogo wa nafaka, unafuatwa na ladha ya mkate mweusi katikati, kisha ukavu wenye ukali kidogo pembeni mwa ulimi, kama uliotafuna ganda la mkate uliookwa sana.

Ukali huo ndio unaoitwa viungo, na hapa ndipo uangalifu mkubwa unapohitajika. Zipo njia tatu za kuujaribu. Ya kwanza ni kuondoa gesi: mimina kidogo kwenye glasi tupu, koroga kwa kijiko mpaka viputo viishe, kisha uonje tena. Gesi ya kaboni huchoma ulimi, na mchomo huo hufanana sana na pilipili manga; ukali ukitoweka pamoja na viputo, haukuwa wa rai. Ya pili ni kuangalia joto la kilevi, ambalo huhisiwa zaidi kooni na kifuani kuliko ulimini. Ya tatu ni kurudi kwenye ile glasi ya shayiri. Niliwahi kuonja bia ya rai na kuandika kwa uhakika kwamba pilipili manga yake ilikuwa ya wazi na ya kupendeza, na sikuwa na shaka yoyote mpaka nilipoonja bia ya shayiri ya hamira ile ile na kuikuta pilipili manga ile ile, kwa nguvu ile ile. Nilifuta sentensi nzima. Kilichobaki kikitofautisha glasi hizo mbili kilikuwa ukavu wa mkate na namna bia ilivyolala ulimini, na nilikuwa nimeyapita yote mawili bila kuyaona.

Namna bia inavyolala ulimini ndiyo alama ya rai iliyo ya kweli kuliko zote. Rai ina kiasi kikubwa cha arabinoxilani na beta-glukani, sukari ndefu za ukuta wa seli ambazo hamira haiwezi kuzila, na ambazo huyafanya maji yawe mazito na yenye utelezi. Mpika bia anazijua kwa uchungu, kwa sababu nafaka ya rai haina ganda la kusaidia kuchuja kama shayiri, na ikiwa nyingi, mchanganyiko wa nafaka na maji hugeuka uji usiopitisha kitu. Ndiyo maana wengi huongeza makapi ya mpunga kwenye chombo cha kuchujia, na wengine huuacha mchanganyiko utulie kwanza kwenye nyuzi joto 40 hivi za Selsiasi ili vimeng'enya vizikatekate beta-glukani kabla ya kupandisha joto.

Kinachovuka mchujo huo ndicho unachokihisi. Bonyeza funda kati ya ulimi na kaakaa, kisha usogeze ulimi mbele na nyuma. Bia ya shayiri hupita kama maji yenye uzito kidogo. Bia ya rai iliyopikwa vizuri huteleza na kubaki kama tabaka laini, bila kuwa tamu. Utimilifu usio na sukari ni zawadi ya rai, na ndio unaoiwezesha bia kuwa na mwili mzito na mwisho mkavu kwa wakati mmoja, jambo ambalo shayiri peke yake hulifanya kwa shida. Ikizidi, utajua: bia inakuwa kama uji mwepesi, inang'ang'ania meno, na funda la pili linakuwa kazi.

Ukiwa na mpika bia mkarimu, muombe punje chache za kimea cha rai na chache za shayiri. Ziweke kiganjani. Punje ya shayiri ni nene na imevaa ganda la rangi ya majani makavu. Punje ya rai iko uchi, nyembamba zaidi, ya kijivu yenye ukijani kidogo. Tafuna shayiri kwanza, nayo itavunjika kwa urahisi, itatoa utamu wa biskuti na kuacha makapi ulimini. Kisha tafuna rai polepole. Ni ngumu zaidi, inaanza kama unga mtupu, halafu inapochanganyika na mate inakuwa ute unaoshika meno, na mwishoni unabaki na ukavu wa udongo na ukali mdogo pembeni. Kunywa maji, kisha onja bia tena. Kwa wengi, mimi nikiwa mmojawapo, hiyo ndiyo mara ya kwanza rai inapojitokeza ndani ya glasi ikiwa na umbo lake kamili.

Kasoro zinazojificha nyuma ya rai

Utelezi una wezi wake. Diasetili, kiambata kinachotokana na uchachushaji, hutoa harufu ya siagi na huacha ulimi ukiwa na utando kama wa mafuta, hivyo mtu asiye mwangalifu huweza kuipa rai sifa hiyo. Tofauti ni kwamba utelezi wa rai hauna harufu, ilhali wa diasetili huja na siagi, tena siagi huzidi bia inapopata joto. Hamira ikipewa siku chache zaidi huiondoa yenyewe, na baa inayoharakisha tangi kwa sababu wateja wanasubiri huiacha ndani. Siagi inayoambatana na ukali wa siki inaashiria kitu kingine, yaani bakteria waliojenga makazi ndani ya mabomba, ambayo inashauriwa yasafishwe kila baada ya wiki mbili. Na bia ikivutika kama ute wa yai ulioinuliwa kwa kijiko, iwe pia na uchachu au siagi ambayo haikukusudiwa, usiendelee kuinywa kwa kudhani ni rai nyingi; imeingiliwa na bakteria.

Harufu ya tofaa bichi mara nyingi ni ya bia iliyotolewa mapema, na harufu ya karatasi ya boksi lililolowa ni ya bia iliyoingiwa na hewa na kuzeeka. Hii ya mwisho hutokea kwa nadra palipo na mzunguko mzuri wa wateja, lakini bia ya rai mara nyingi hupikwa kidogo na kunywewa na wachache, kwa hiyo hukaa kwenye tangi kuliko zingine.

Kuipa alama

Mfumo unaotumiwa na waamuzi wengi wa mashindano ni ule wa Beer Judge Certification Program, ulioanzishwa Marekani mwaka 1985, unaotoa alama 50: 12 kwa harufu, 3 kwa mwonekano, 20 kwa ladha, 5 kwa hisia ya mdomoni na 10 kwa jumla. Nautumia kwa sababu unanilazimisha kupita kila kipengele na kuacha kutoa hukumu moja ya kupenda au kutopenda. Hata hivyo, kwa bia ya rai naona alama 5 za hisia ya mdomoni ni chache mno, kwa kuwa hapo ndipo penye kazi yote ya mpika bia. Sibadilishi hesabu, ili alama zangu ziweze kulinganishwa na za wengine, lakini huandika aya ya pekee kuhusu utelezi, uzito na ukavu wa mwisho, na ndiyo ninayoisoma kwanza ninaporudi kwenye daftari langu baada ya miezi.

Andika maneno ya kitu, usiandike maneno ya sifa. "Nzuri sana" haitakusaidia kesho, ilhali "ganda la mkate lililoungua kidogo, ulimi umebaki na tabaka laini kwa muda, ukavu pembeni" itakurudisha mezani. Onja mara mbili kwa kiwango tofauti cha joto: mara ya kwanza bia ikiwa nyuzi 7 au 8 hivi, mara ya pili ikiwa imekaa kwenye meza hadi karibu nyuzi 13, ambapo mkate huongezeka na kasoro hazina tena pa kujificha. Vipimo viwili au vitatu vidogo vinatosha kwa kikao kimoja. Baada ya hapo pua na hukumu hupungua, na asiyekunywa ndiye anayepaswa kuendesha gari. Mwenye ugonjwa wa siliaki, yaani ambaye utumbo wake hudhurika kwa gluteni, protini ya nafaka hizi, asionje kabisa, kwa sababu rai ina gluteni kama ngano na shayiri.

Sasa, daftari likiwa limeshaandikwa, mwite mpika bia umuulize uliyoyaacha: rai ni asilimia ngapi, ni kimea au ni rai iliyopondwa bila kuoteshwa, hamira ni ipi, bia imekaa siku ngapi kwenye tangi, na kama mchujo ulisumbua. Weka majibu yake kwenye ukurasa mwingine, usifute makisio yako ya awali. Ukikuta ulikisia asilimia 10 na kumbe ni 35, rudi kwenye glasi palepale, bia ikiwa bado ipo, utafute kile kilichoificha rai. Mara nyingi utakuta ni hopsi. Kama bia hiyo inapikwa mara kwa mara, omba uambiwe tangi jipya litakapofunguliwa, uje na daftari lile lile, na uanze tena na glasi mbili.